Sura ya Tisa: Mukia, Uko?

Senga Fatumah alimkabidhi Rénovat mkoba wake kabla hata ya kumsalimu. Aliteremka garini, akanyoosha kiuno, akatazama kushoto na kulia, akamwona kijana amesimama mlangoni mwa njia ya msitu, viatu vya mpira miguuni na fimbo mkononi, akamnyooshea mkoba.

"Shika, kijana. Afisa iko wapi?"

Kijana huyo ndiye niliyekuwa nimemleta senga wangu aje kumwona.

Nieleze vizuri, maana nikipita hapa mbiombio nitaonekana sikukosa. Senga ni dada wa baba, na kwetu Mbarara msichana hatoki kwenda kwa mume ambaye senga hajamtia jichoni. Mimi Nabilah, binti Sowedi wa Nyamityobora, mwenye duka la vitenge na miaka ishirini na saba, nilikuwa nimewakataa wachumba wawili bila sababu ya maana. Senga alipochoka kunibembeleza aliniuliza kama kuna mtu. Nikasema yupo, yuko Nakivale. "Anafanya kazi gani?" Nikasema yuko na msitu. "Afisa wa misitu?" Nikatabasamu. Sikusema ndiyo, na mpaka leo najitetea kwa hilo nikiwa peke yangu. Nilitabasamu tu, nikaenda kumimina chai, na kufikia magharibi ukoo mzima ulishajua kwamba Nabilah kapata afisa.

Rénovat hakuwa afisa. Alikuwa mwongoza wageni katika njia ya miguu inayopanda kilima cha Nyakigera, juu ya ziwa. Alikuwa mkimbizi wa Burundi, Mkatoliki, aliyeingia Uganda na mama yake akiwa na miaka kumi na sita, wakakaa Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi hapo Nakivale, wakingoja kupewa kiwanja. Nusu ya miti ya upande wa chini wa kilima kile aliipanda kwa mikono yake. Nami nilimpenda, nikampenda mpaka wateja dukani waliniuliza ninacheka na nani.

Asubuhi ile alikuwa amenyoa ndevu. Koti lake la kijani la kazi lilipigwa pasi hadi mikono ikasimama, na kifungo cha shingoni alikifunga ingawa kilimkaba. Alipokea mkoba wa Senga, akauweka begani, kisha akanitazama. Alikuwa ananingoja. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ndiye huyu.

Nikatazama viatu vyake vya mpira. Nikamtazama kaka yangu Swalik akishuka kwenye usukani na miwani yake ya jua.

"Afisa atatukuta huko juu," nikasema.

Rénovat aliendelea kunitazama kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Halafu akainamisha macho.

"Sawa," akasema. "Karibuni sana. Miye naitwa Rénovat, ndiye nitawaongoza. Musiogope mupando, tutaenda polepole. Na leo muko na bahati, nyama ni mingi. Mutaziona karibu karibu, mupaka macho yashibe."

"Nyama?" Senga akashtuka. "Banange. Nani alichinja?"

Swalik akaangua kicheko hadi akashika mlango wa gari. Kwa Warundi na Wakongo, nyama ni mnyama, hata kama yu hai anakula majani yake kwa amani. Kwetu sisi nyama ni ile ya sufuriani, na Mwislamu akiisikia swali lake la kwanza ni kisu kilikuwa mkononi mwa nani.

"Pardo, mama," Rénovat akasema. "Nyama za pori. Zile zenye kutembea."

"Nyama zenye kutembea!" Swalik akarudia. "Hii itatutoroka sahanini."

Nami nikacheka. Nililijua neno lile. Mwaka mzima nilikuwa nimelipenda kinywani mwake, na mara nyingine nilimwomba alirudie kwenye simu. Lakini mtu anayeficha jambo hucheka kupita wenzake, nami nilicheka hadi Senga akanigeukia. Rénovat alingoja tumalize, kama anavyongoja wageni wafunge kamba za viatu.

"Tutaenda mustari mumoja," akasema. "Mutu wa nyuma kabisa ni mukia. Kila fasi njia inapinda, nitaita, 'Mukia, uko?' Naye atajibu, 'Niko.' Asipojibu, wote tunasimama."

"Mimi hapana kuwa mkia," Swalik akasema.

"Dada huyu atafaa," Rénovat akajibu bila kunitazama.

Ndivyo tulivyojuana, kwa mkia huo huo. Mwaka uliotangulia nilileta vitenge kwa akina mama wa soko la Nakivale, nao wakanivuta twende tukaone ziwa kutoka juu. Rénovat akaniweka nyuma, nikamwakia: mimi si mkia wa mtu. Hakucheka. Aliniambia, "Mukia ndiye mutu wa kuaminiwa, dada. Mukia akipotea, hatuwezi kujua ni wangapi wamepotea." Nilipanda kilima kizima nikiwaza maneno yale na mgongo wa aliyeyasema. Tangu hapo, kila jioni nikifunga duka, simu yangu huleta ujumbe wa maneno mawili: Mukia, uko? Nami hujibu neno moja: Niko.

Basi tukaanza kupanda. Senga nyuma ya Rénovat, Swalik nyuma ya Senga, mimi mwisho. Njia inaanzia kwenye migunga, kisha inaingia kwenye miti mirefu ambako jua linafika chini vipande vipande. Tumbili walitutazama kutoka juu na kututupia maganda. Tukafika kona ya kwanza.

"Mukia, uko?"

"Niko," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, na sikuipenda.

Kona ya nane alinyanyua ngumi. Tukasimama. Mbele yetu, katika uwazi wa nyasi, pundamilia sita walikuwa wanapita, na mmoja alikuwa na mtoto ambaye miguu yake ilikuwa mirefu kuliko akili yake. Senga alishika mdomo kwa mkono. Ameishi miaka hamsini na tatu saa moja tu kutoka kwa wanyama hawa na hakuwahi kuwaona ila kwenye kalenda.

"Muangalie ule mama," Rénovat akanong'ona. "Mutoto akizaliwa, mama anamuzungukia, anafukuza bengine wote wasikaribie. Siku za kwanza anataka mutoto aone mistari yake yeye tu. Akishaijua, hata wakiwa mia hatamukosa."

"Mungu mkubwa," Senga akasema. Kisha akatugeukia, akahamia Kinyankore chetu cha nyumbani, kile tunachosemea mambo ya ndani mbele ya watu. "Nabilah, huyo afisa wako nitashukuru akiwa na adabu nusu ya huyu mtumishi wake."

"Mtumishi tu, Senga," Swalik akajibu kwa lugha hiyo hiyo. "Mkimbizi, hata jina la mnyama halijui. Ukimwachia nafasi ataomba na dada yetu."

Wakacheka taratibu, kwa kuwaheshimu pundamilia.

Wao hawakujua nililolijua. Kirundi na Kinyankore ni ndugu wa nyumba moja, na Rénovat ameishi miaka kumi na miwili akinunua maziwa kwa Wanyankore. Alisikia kila neno. Niliiona shingo yake ikikaza juu ya kile kifungo. Ningeweza kusema, "Swalik, nyamaza." Hata kukohoa kungetosha. Nikainama nikajifanya natoa mwiba kwenye kiatu, na hakukuwa na mwiba.

"Mukia, uko?"

"Niko."

Mbele kidogo ngiri akachomoka kichakani, mkia umesimama wima, na Senga akapiga ukelele mdogo. "Nguruwe!" Akakusanya gauni lake lote mkononi. Rénovat alishaingia kati yake na mnyama yule, akailaza fimbo mbele yake, hakumpiga, alimsimamia tu hadi akaenda zake.

"Ni ngiri, mama. Ameshapita. Hakukugusa, wala nguo. Nimeangalia vizuri."

"Wewe najua mambo ya nguo yetu?" Senga akauliza kwa Kiswahili.

"Nilijifunza. Nilimuuliza jirani yangu Maalim. Kuna mutu nilitaka kumuheshimu."

"Mtu gani?"

"Mutu," Rénovat akasema, akageuka akatangulia.

Senga alimtazama mgongoni kwa muda. Nikawa naomba moyoni kilima kiishe, halafu nikawa naomba kisiishe, maana sikujua juu nitawaambia nini.

Karibu na kilele kuna jiwe kubwa ambapo wageni hupumzika. Senga na Swalik walikaa kunywa maji. Rénovat akaja nyuma kwangu kama mtu anayekagua mstari wake.

"Niseme miye, ao useme weye?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Bado. Tukifika juu."

"Juu kuna mama yangu."

"Mama yako anafanya nini juu?"

"Uliniambia familia inakuja kuniona. Nikamwambia. Tangu juzi hajapata usingizi. Amepika, amebeba sufuria mwenyewe mupaka kule, akasema wakwe wasinione kama mutu asiye na mama." Akahamishia mkoba wa Senga bega la pili. "Sikukuambia kwa sababu nilitaka ufurahi."

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka hadi leo huweka chini nilichoshika. Sikusema asante. Sikusema pole.

"Mwambie sisi ni wageni tu," nikamwambia. "Leo tu, Rénovat. Nikifika nyumbani nitatengeneza kila kitu polepole. Mwambie wale wengine hawajafika."

"Unataka nimudanganye mama yangu usoni?"

"Si kumdanganya. Kungoja tu."

Alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayetafuta njia mahali alipoizoea na haioni.

"Sawa, mugeni," akasema.

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Tukapanda kipande cha mwisho, na alipoita "Mukia, uko?" nilijibu huku nimeng'ata kitambaa cha kichwa.

Kilele cha Nyakigera wanakisifu wote waliofika, na kweli. Ziwa lote liko chini yako na mafunjo yake ukingoni, mabati ya makazi ya wakimbizi yanametameta mpaka jicho lichoke, na kwa mbali unaona vilima vya Ngarama vikielekea Tanzania. Furukombe alikuwa analia juu ya maji. Sikuona chochote. Nilimwona mama mwembamba amesimama mbele ya kibanda cha nyasi, amejitanda mvutano mweupe wenye maua ya buluu, ile nguo ya Kirundi wanayofungia begani siku za harusi na misa kubwa. Alipotuona uso wake wote ulifunguka. Akaja kwa haraka, mikono ameinyoosha kutukumbatia.

"Mama," Rénovat akasema, "hawa ni wageni tu. Wale bengine hawajafika."

Mikono ile ilibaki hewani. Kisha akaishusha taratibu, akatengeneza mvutano begani kama kwamba ndicho alichokuwa anakifanya tangu mwanzo.

"Mugeni ni baraka," akasema. "Karibuni, mukae. Miye ni Godeberthe. Lakini mutanisamehe, chakula ni cha watu ninaowangojea. Nitawapa maji."

Alitupa maji kwa vikombe vipya ambavyo karatasi ya dukani ilikuwa bado imegandia chini. Alipokwisha kutugawia, akarudi ukingoni mwa njia, akaweka mkono juu ya macho, akatazama chini kule tulikotoka. Akatega sikio. Akarudi akafunika vizuri sufuria, akaenda tena. Sisi tuliokuwa tunangojewa tulikuwa tumeketi nyuma yake, tunakunywa maji yake. Rénovat alisimama kando, mkoba wa Senga bado begani, anatazama ziwa.

Senga Fatumah hajawahi kuvumilia harufu ya vitunguu bila kuuliza.

"Mama, wewe nangoja nani?"

"Wakwe zangu." Godeberthe alisema neno lile kwa haya, kama msichana. "Mutoto wangu amepata binti wa Mbarara. Leo wanakuja kumuona. Nazania mupando umewachelewesha."

"Mbarara wapi?"

"Sijue. Ni Waislamu."

Senga akaacha kunywa. "Waislamu? Na kwa sufuria kuna nini?"

"Kuku."

Na kwa mazoea tu, bila ubaya wowote, lile swali likamtoka tena. "Nani alichinja?"

"Maalim Ridhiwan, jirani yetu. Alikuja asubuhi na kisu chake. Na sufuria ni mupya, hazijapikia kitu ingine." Godeberthe alifungua mfuniko kidogo ili Senga aone. "Niliwaza, mukwe wangu akikataa chakula changu, iwe ni kwa kushiba, isiwe kwa kuogopa."

Swalik alivua miwani yake. Hakucheka.

"Mtoto yako ni nani?" Senga akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Godeberthe akaelekeza kidevu. "Si huyu aliyewaleta."

Senga alimtazama Rénovat kuanzia viatu vya mpira mpaka kile kifungo cha shingoni. Alitazama mkoba wake begani mwake. Kisha akaweka kikombe chini, akanigeukia mimi.

"Nabilah. Afisa anafika saa ngapi?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari. Amepiga simu, gari limemharibikia njiani, tushuke tutamkuta siku nyingine. Ulikuwa umeshapanga mstari ulimini, na naujua moyo wangu, ungetoka vizuri sana. Lakini Godeberthe, ambaye hakuelewa tunasema afisa gani, alikuwa ameshaanza kurudi ukingoni kutazama njia. Aliweka mkono juu ya macho.

"Haji," nikasema. "Hakuna afisa, Senga. Ni huyu. Tangu mlangoni ni huyu huyu."

Nikainuka. Nilienda mpaka ukingoni, nikapiga magoti kwenye mawe nyuma ya mama yule, kama tunavyofanya kwetu kumsalimu mkubwa, salamu niliyopaswa kuitoa tangu nilipofika.

"Mama, usiendelee kuwangojea. Wamefika. Binti wa Mbarara ni mimi. Mimi ndiye niliyemtuma mwanao aseme hatujafika, kwa sababu niliona haya."

"Haya ya nini?" akauliza. Aliuliza kweli, alitaka kujua.

Ningemjibu nini? Ya viatu? Ya neno nyama? Ya karatasi ya ukimbizi? Kila nililolifikiria lilikuwa dogo, na nilikuwa nimempokonya siku yake kwa vitu vidogo hivyo. Nikalia nimepiga magoti pale.

Godeberthe akamtazama mwanawe. "Rénovat, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukaniacha nisimame pale?"

Rénovat akakishika kile kifungo cha shingoni. Ndipo nilipoelewa kwamba aibu yangu sikuibeba peke yangu, nilikuwa nimempa na yeye kipande chake. Mama yake alitikisa kichwa, akanipita pale chini, akaenda kufunua sufuria.

"Chakula kinapoa," akasema.

Tulikula. Aliwapakulia Senga na Swalik mapaja, akanipakulia na mimi sawa sawa na wao, ila hakunitazama na hakunisemesha. Rénovat aliwahi kunifundisha neno la kwao, mukazana, ndilo jina mama analomwitia mke wa mwanawe. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nyuma ya meza ya duka, nikijiita mwenyewe na kujiitikia. Sasa nilikula kuku wake kwa kumeza tu, na neno lile nikalitoa moyoni.

Swalik ndiye aliyeanza. Alisogea karibu na Rénovat, akanawa mikono polepole.

"Sebo, ile maneno ya nyama," akasema. "Na ile ingine ya huko kwa pundamilia. Wewe nasikia Kinyankore?"

"Nasikia."

Swalik akatazama mikono yake. "Basi unisamehe. Mimi iko mjinga kidogo."

Senga alimaliza kula, akafuta midomo, akamwomba Godeberthe ruhusa ya kusema. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha sokoni, makusudi ili asibaki mtu nje.

"Nabilah, watu nasema njia ya mwongo ni fupi. Wewe umetupandisha kilima kizima." Akavuta pumzi. "Mambo ya dini iko kwa baba yako. Itakuwa ngumu, na mimi sitadanganya huyu mama kwamba itakuwa rahisi. Lakini mimi nilikuja kuangalia mwanaume. Nimemwangalia, na macho yangu imeshiba. Mtu mimi nilikuwa sijaangalia ni wewe."

Kisha akanyoosha mkono. "Mwanangu Rénovat, lete mkoba. Unisamehe. Nilikupa mzigo kabla ya salamu."

"Si kitu, mama," Rénovat akasema, akaurudisha kwa mikono miwili.

Walipokuwa wanakusanya vyombo nilimfuata kwenye kivuli cha mti ulio ukingoni. Nilitaka kumshika mkono, lakini mkono haukutoka.

"Nimesema," nikamwambia. "Nimechelewa, lakini nimesema."

"Umesema, ndiyo."

"Mbona hunitazami?"

"Nitakutazama. Bado." Alikuwa anakuna ganda la fimbo kwa ukucha. "Mwaka muzima nikikuandikia, unanijibu 'Niko'. Nilikuwa nalala vizuri kwa neno ile moja. Leo nimekuita mara tisa njiani. Ukajibu mara tisa. Na hukuwako hata mara moja."

Nikafuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Nifanye nini, Rénovat?"

"Sijue. Ningejua, ningekuambia." Akaninyooshea fimbo. "Kupanda nimewapandisha. Kushuka, tangulia weye."

"Siijui njia."

"Unaijua. Umeipita nyuma yangu mara ngapi? Kila fasi inapinda, ita. Asiyejibu, simama."

Nikachukua fimbo. Ilikuwa bado na joto la kiganja chake. Nikapita mbele ya kaka yangu, mbele ya senga wangu, nikasimama mahali pa kiongozi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mgongo wa mtu wa kujificha. Nyuma yangu nilimsikia Godeberthe akifunga sufuria zake ndani ya kitambaa. Sikuthubutu kuuliza kama anashuka nasi au anabaki kungoja hasira zimwishe.

Tukaanza kuteremka. Kona ya kwanza nikaita.

"Mukia, uko?"

"Niko," Rénovat akajibu kutoka nyuma. Ilikuwa sauti yake ya kazi, ile anayowapa wageni wote. Niliisikia na nikaumia, lakini nikaendelea.

Kona ya pili ni pale kwenye uwazi wa nyasi. Pundamilia walishaondoka, zimebaki alama za kwato zao tu kwenye udongo, kubwa na ndogo pamoja. Nikasimama. Niliona mukia ni neno la kujifichia, kama lile tabasamu langu la siku ya chai.

"Rénovat," nikaita kwa nguvu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitaja jina lake mbele ya watu wa kwetu. "Rénovat wangu, uko?"

Kimya.

Senga alikuwa anahema nyuma yangu. Swalik hakusogeza mguu. Tumbili mmoja alitikisa tawi juu yetu, majani makavu yakaanguka. Asiyejibu, simama, ndivyo alivyoniambia, basi nilisimama, fimbo mkononi, nikamwambia Mungu kwamba nitasimama hapo hadi kiza kiingie kama ni lazima.

Halafu sauti ikaja kutoka nyuma kabisa, mbali kuliko nilivyotegemea. Haikuwa ya Rénovat.

"Yeye yuko. Amenibebea sufuria, pumzi imemuisha." Sauti ilikohoa kidogo, ikaendelea. "Mukia ni miye, mukazana. Enda, tunakufuata."

Nikaenda. Sikugeuka nyuma, maana uso ulikuwa umelowa wote, na mbele bado kulikuwa na kona saba za kuita.